Sifuri Iliyogeuka O

Somo langu la kwanza hufanyika chini ya gari. Mwanafunzi akija asubuhi, amevaa shati safi na mkono unamwasha kushika usukani, mimi namtandikia kipande cha turubali karibu na gurudumu la mbele la kuume. Namkabidhi mswaki mkuukuu, kikopo cha mafuta ya taa, kitambaa, karatasi na kalamu ya risasi. Namwambia aingie humo, asugue ubavu wa chasi mpaka chuma kionekane, kisha aninakilie herufi na tarakimu atakazozikuta zimegongwa pale. Ziko 17. Asiruke hata moja, asikisie hata moja.

Wengine hunitazama kana kwamba wamekosea nyumba. Kijana mmoja, baba yake ana duka la vitenge hapa Kasongo, mashariki mwa Kongo, alisimama na mswaki mkononi akaniuliza: “Mwalimu, mimi nimekuya kujifunza gari ao nimekuya kusomea ukarani?” Nikamwambia yote mawili, aanze na lililo chini.

Naishi kwa gari tangu nikiwa konvoyere, yaani yule kijana anayelala juu ya mizigo ya lori na kuamshwa usiku kwenda kuweka mawe chini ya tairi. Njia ya Fizi, Lulimba, Salamabila, Kabambare hadi huku nimeipita mara nyingi mno, wakati wa jua na wakati wa mvua. Na wakati wa mvua safari ya siku mbili huweza kula majuma mawili. Baadaye nikashika usukani mwenyewe. Sasa magoti yamechoka, nafundisha. Vijana huniita monitere, wazee wenzangu huniita shofere, nami sina ugomvi na jina lolote. Gari la kufundishia ni pikapu, Toyota Land Cruiser HZJ79, usukani kushoto, yenye injini ile ya 1HZ, dizeli, silinda sita, lita 4.2, ambayo fundi yeyote wa huku anaweza kuifungua gizani. Ni gari zee, lakini lenyewe halijaniaibisha. Kilichoniaibisha ni karatasi yake.

Ilikuwa miaka michache iliyopita, mvua za Novemba zimeshika. Nilikuwa na wanafunzi watatu walioiva: binti muuguzi wa kituo cha afya, motari mmoja aliyetaka kuhama kutoka magurudumu mawili kwenda manne, na baba wa watoto sita ambaye alikuwa ameahidiwa kazi ya ushofere iwapo ataleta permi, yaani leseni ya kuendesha, ya kundi B kabla ya Krismasi. Jaribio lilikuwa Kindu. Kutoka kwetu hadi Kindu ni zaidi ya kilomita 200, lakini mvua zikishika hatuhesabu kilomita, tunahesabu madaraja. Tulichanga mafuta, tukachanga mihogo na samaki mkavu, tukalala njiani mara mbili. Mahali pamoja tulishusha mbao tulizobeba, tukatengeneza daraja, tukavuka, tukazipakia tena mbao zetu. Binti ndiye aliyeendesha sehemu kubwa ya safari, nami nimekaa kando yake nikijifanya nasinzia ili asiogope.

Siku ya jaribio tuliamka alfajiri, tukaliosha gari hadi ndani ya matairi. Tukajaribu taa, honi, vifuta kioo, breki ya mkono. Farde ya karatasi ilikuwa kwenye kisanduku cha mbele, palepale ilipokaa siku zote. Sikuifungua. Niifungue ya nini? Ilikuwa imepita kwenye bariere zote, vile vizuizi vya barabarani, tangu Kasongo.

Mtahini alikuwa mtu mpole, ana miwani, mikono ya shati imefungwa vifungo. Aliitoa carte rose, ile karatasi inayosema gari ni la nani na nambari zake ni zipi, akaiweka juu ya boneti. Akaitoa karatasi ya asiransi, yaani bima, akaiweka pembeni yake. Akachukua kalamu ya Bic, na kwa kile kifuniko cha buluu akaanza kupita herufi moja moja, huku na huku, huku na huku, kama mtu anayechambua mchele. Alipofika ya kumi akasimama. Akarudi mwanzo, akapita tena. Akasimama palepale.

“Mzee, hii ni sifuri,” akaniambia. “Na hii ni O.”

Nikacheka. Hilo lilikuwa kosa langu la pili siku ile. La kwanza ni kutofungua farde. Nikamwambia hiyo ni kazi ya aliyechapa, vidole vimeteleza, sifuri na O ni ndugu. Akanisubiri nimalize. Na kweli, ukitazama vizuri, kwenye carte rose ilikuwa nyembamba, imesimama. Kwenye asiransi ilikuwa nene, imeshiba, mviringo kama chungwa.

“Kwa macho yako ni gari moja,” akasema. “Kwa mashine ni magari mawili. Na lenye asiransi siyo hili.” Kisha akawaelekezea kidevu wanafunzi wangu watatu waliojipanga kando ya ukuta. “Sasa mmoja wa hawa akimgonga mtoto pale sokoni, nani atalipa?”

Swali hilo nimekaa nalo tangu siku ile. Shofere mwenye permi akiwa barabarani, mpita njia ana kinga mbili: ujuzi uliokwisha kupimwa, na asiransi itakayolipa ujuzi ukishindwa. Siku ya jaribio kinga ya kwanza haipo bado. Ndiyo hiyo iliyokuja kupimwa. Inabaki ya pili peke yake. Watu hudhani mtahini huanza na karatasi kwa kuwa anatafuta kitu. Wapo wanaotafuta kitu, sikatai. Lakini yule alianza na karatasi kwa kuwa alikuwa karibu kumruhusu mtu asiye na permi aingize tani mbili za chuma kwenye njia ya watu, naye mwenyewe amekaa kiti cha kando.

Hakutupima. Nje ya geti kijana mmoja akanifuata, akaninong’oneza kwamba mambo kama haya huweza kupangwa, hata mchana huuhuu. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni. Miaka yote ya lori nilipanga mambo mengi, na mkono ulijua njia. Aliyenizuia ni binti muuguzi: “Mwalimu, na wakati wa kurudi? Tutapanga kwenye kila bariere?” Alikuwa na haki. Hata mtahini angefumba macho, O ingebaki palepale ilipo, na siku askari wa barabarani, wa roulage, mwenye macho makali atakapoiona, ingeanza kuwa na bei.

Wakala aliyeichapa karatasi ile alichukua siku sita kutupatia nyingine yenye muhuri. Siku sita za kula kwa ndugu wa motari, kule Alunguli. Muuguzi alirudi Kasongo nyuma ya pikipiki kwa sababu zamu yake haikumngojea. Yule baba wa watoto sita alipigiwa simu siku ya nne, akaenda kuisikilizia kando ya mwembe, akarudi kuketi bila kusema neno. Kazi ilikuwa imepewa mwingine. Permi aliipata katika kikao kilichofuata, na leo anaendesha lori la mawese. Hajanilaumu hata siku moja. Ningependa angenilaumu.

Miaka miwili baadaye nilikuwa Uvira, nasubiri vipuri vilivyotoka Dar es Salaam kwa njia ya Kigoma. Nikakaa baraza moja na mzee aliyefanya kazi ya kutolea watu mizigo forodhani. Kwa kupitisha muda nikamsimulia habari ya sifuri na O. Alicheka hadi akashika tumbo. “Mzee mwenzangu,” akasema, “O hiyo haiko.” Akanieleza: katika nambari hizi za chasi za herufi 17, duniani kote, O haitumiki. Wala I haitumiki, wala Q. Waliokubaliana juu ya mfumo huo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliziacha nje makusudi kwa kuwa zinafanana na moja na sifuri. Basi O ile ya kwangu haikuwa nambari ya gari jingine. Haikuwa nambari ya gari lolote. Ilikuwa sifuri iliyochapwa vibaya, haiwezi kuwa kitu kingine.

Nilikaa kimya muda mrefu. Kumbe jibu lilikuwapo siku ile Kindu, ila halikuwa kichwani mwangu. Labda mtahini asingenisikiliza. Karatasi mbili zisizolingana hazilingani tu. Lakini ningezungumza naye kama mtu anayejua kazi yake, badala ya kumchekea.

Ndiyo maana ya mswaki na mafuta ya taa. Namfundisha mwanafunzi kuisoma nambari kama anavyosoma jina la mtu. Ikianza na J, chombo ni cha Japani. L ni China. MD ni India. Pikipiki nyingi za motari wetu huanza na L au na MD, na mtu mwenye pikipiki ya Kihindi ambayo karatasi yake inaanza na L amebeba karatasi ya pikipiki nyingine, hata kama aliyemuuzia ni shemeji yake. Kwenye pikipiki nambari iko shingoni, pale usukani unapoingia kwenye fremu. Ni mahali pabaya. Nyaya husugua pale, vumbi na grisi hukauka pale, na pikipiki ikivunjika shingo kwenye njia ya Kabambare, fundi wa kuchomelea huchoma palepale na kufuta nusu ya nambari. Sasa nikipita kwa mafundi nawaomba: kabla hujawasha moto, itazame nambari iko wapi, chomea kando yake. Mmoja aliniambia hakuna mteja aliyewahi kumwomba hilo. Mteja anataka kufika kwake kabla ya giza.

Kuna namna ya kulinganisha, na wengi hukosea hapa. Wanashika karatasi mkono mmoja, wanachungulia chuma, wanasema sawa. Jicho likishajua linachotafuta hulipata hata pasipo nacho. Mimi huwaweka wawili. Mmoja chini ya gari anasoma chuma kwa sauti, hana karatasi. Mwingine amekaa mbali na carte rose, haoni chuma. Wa tatu, akiwapo, ana asiransi. Anayesoma husema herufi moja na kungoja aitikiwe. Kwenye 8 anasema nane, si B. Kwenye 5 anasema tano, si S. Majirani wamezoea, watoto hukaa juu ya ukuta na kuitikia nao kama madrasa.

Nambari ikilingana, tunakuja kwenye tarehe. Asiransi ya gari si hiari huku kwetu: tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973 mwenye chombo cha moto hulazimika kuwa na bima ya kuwalipia atakaowadhuru, na sheria ya barabara tunayoitumia ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Kwa miaka mingi kampuni ilikuwa moja tu. Sheria ya Machi 2015 ndiyo iliyofungua mlango kwa nyingine. Hayo nawaeleza kwa dakika tano. Muda mrefu nautumia kwenye mstari mdogo wa chini, ule wenye tarehe mbili. Asiransi ya miezi sita iliyoanza tarehe 14 Machi inaisha tarehe 13 Septemba, siyo tarehe 14. Nimeona mtu mzima, mfanyabiashara mwenye magari matatu, akibishana juu ya siku hiyo moja mpaka akatokwa na mishipa ya shingo. Wanafunzi wangu huandika tarehe ya mwisho kwa chaki nyeupe ndani ya mlango wa shofere, mahali ambapo utaiona kila ukishuka.

Mpwa wangu yuko Texas. Dada yangu na watu wake walikimbia Kabambare wakati wa vita, wakavuka ziwa, wakakaa miaka na miaka Nyarugusu, kambi ya Wakongo kule Kigoma iliyofunguliwa 1996, na mwishowe wakapelekwa Marekani. Kijana alinipigia usiku mmoja, huko kwao bado ni mchana, sauti imezama. “Mjomba, wamenirudisha.” Alikuwa amefanya mazoezi miezi mitatu kwa gari la mtu wa kanisa lao. Siku ya jaribio kule unakwenda na gari lako au la kuazima, na kabla ya kuliwasha mtahini anataka kuona usajili na kadi ya bima. Kijana akafungua kisanduku, akatoa kadi, nayo ilikuwa ya miezi sita iliyopita. Mwenye gari alikuwa amelipa, tena mapema. Kadi mpya ilikuwa nyumbani kwake juu ya friji, ndani ya bahasha ya posta ambayo hajaifungua.

“Hata huku, Mjomba?” akaniuliza. Nikacheka, safari hii bila kosa. Nikamwambia aniwashie video, aliweke gari mbele yangu kama mgonjwa. Tukaanza. Kumbe kule nambari ya chasi huonekana kupitia kioo cha mbele, chini upande wa shofere, unasimama nje na kusoma, huhitaji turubali wala mswaki. Nilimwonea wivu. Akasoma, mke wake akashika karatasi, mimi nikaitikia kutoka Kasongo. Kibandiko cha usajili kwenye kioo, tarehe iko sawa. Taa za breki: mke akasimama nyuma apige kofi zikiwaka. Ya kushoto haikuwaka. Balbu ile wangeiona siku ya pili, na wangemrudisha mara ya pili. Aliibadilisha kesho yake, akafaulu juma lililofuata, akanitumia picha ya permi yake akiwa ameishika kama mtoto mchanga.

Kwenye carte rose za huku kwetu, jambo linaloniumiza kichwa ni jina. Magari mengi mazuri ya hapa Kasongo yalikuja na mashirika ya misaada au ya dini. Shirika likimaliza kazi yake linauza magari kwa mnada, watu wanashangilia, wanaondoka nayo na honi. Lakini gari lililoingia nchini kwa msamaha wa ushuru halikuacha ushuru wake forodhani milele. Likihamia mkononi mwa mtu wa kawaida, ushuru unaamka. Na carte rose bado ina jina la shirika ambalo limeshafunga ofisi na kwenda zake. Nina jirani aliyenunua gari kutoka kwa mtu aliyenunua kwa mtu aliyenunua mnadani. Ana risiti tatu za mkono, moja kwenye karatasi ya daftari la shule. Gari ni lake, nampa haki hiyo mbele ya Mungu. Mbele ya karatasi ni la Wazungu waliorudi kwao. Mwanawe alitaka kujifunzia gari hilo na kufanyia jaribio, nikamkatalia. Baba alininunia miezi miwili, hata tulipokutana msikitini alinisalimia kwa ncha za vidole. Wengine wananunua kwa marehemu, kisha warithi wanatokea na wajomba. Kabla ya kuhesabu dola kwa ajili ya gari, nenda na muuzaji mkabadilishe jina, yeye akiwa hai na akiwa bado anahitaji pesa zako. Akishazipata, simu yake haitapatikana.

Juu ya vinyeti na kontrole teknike sina mengi ya kusema: ile unailipa mwaka ukianza, hii unalipeleka gari likaguliwe, zote mbili unazitazama tarehe. Triangle, kizima moto, kisanduku cha dawa, viwe ndani ya gari na siyo nyumbani chini ya kitanda.

Karatasi zenyewe nazo zina maadui. Mji wetu ulijua barua kabla ya kujua gurudumu. Karne ya 19, zama za mfanyabiashara Tippu Tip, misafara ilipita hapa na barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na watu wale walijua kuvuka mto bila kulowesha maandishi. Sisi wajukuu tumesahau. Nimeona carte rose iliyokunjwa mara nne ndani ya soksi, mtu akavuka Lualaba kwa mtumbwi, ng’ambo akafungua ugali. Nimeona asiransi iliyokaa mfuko wa shati wa motari mwezi mzima, jasho likaramba wino wote isipokuwa muhuri. Mchwa walikula farde ya rafiki yangu kuanzia pembeni, kwa adabu, wakaacha katikati. Mimi naweka kila karatasi ndani ya nailoni yake, zote ndani ya farde ngumu, farde ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa. Askari anataka kuona karatasi ya asili, basi ya asili ndiyo inayosafiri. Nakala inabaki nyumbani kwa mke wangu, kwenye sanduku la nguo zake, kwa sababu sanduku hilo halifunguliwi ovyo.

Kuwa na karatasi sawa hakukupitishi bure mahali pote. Ningewaambia vijana hivyo ningekuwa mwongo, na wangenijua siku ya kwanza barabarani. Wako watakaokuangalia asiransi, carte rose, vinyeti, kontrole, kisha wakazunguka gari mara mbili, kisha wakauliza kwa nini kioo cha pembeni kina ufa. Tofauti ni kwamba mtu mwenye karatasi sawa hukaa. Anazima injini, anatoa muhogo wake, anakula. Mwenye O anatazama saa. Wanaokagua wanajua kusoma hilo haraka kuliko wanavyosoma karatasi. Muuguzi wangu, ambaye sasa ana permi na huliendesha gari la kituo chake wakati wa chanjo, aliwahi kukaa kwenye bariere moja kwa muda wa saa tatu akisuka mkeka. Walipochoka walimwambia aende. Mkeka ule ameutundika ukutani kwake.

Juma lijalo nina kundi jipya la kupeleka Kindu, watu wanne. Mtoto wa duka la vitenge yumo. Jana jioni, baada ya sala ya alasiri, tulifanya zamu ya mwisho. Yeye aliingia chini ya gari, bila viatu safari hii, fulana ya zamani. Mwenzake alikaa juu ya ngazi na carte rose, wa tatu chini ya mwembe na asiransi, wa nne alishika tochi. Watoto walikuwa juu ya ukuta.

“J!”

“J,” wakaitikia.

“T!”

“T.”

Walikwenda hivyo mpaka ya tisa, sauti ya kijana ikitoka chini ya boneti kama ya mtu aliye kisimani. Kisha akanyamaza. Tukangoja. Mtoto mmoja juu ya ukuta akapaza sauti: “Sifuri, si O!” na wenzake wakacheka.

“Acheni,” akasema aliye chini. “Sijaiona bado. Mwalimu, hapa kuna tope.”

Nikampitishia mswaki.